Fundi Herufi na Kasha la Mlazo

Fundi Herufi alikuwa na majivuno, na nisiposema hilo mapema nitakuwa namzungumzia mtu mwingine. Mtu akishafariki huwa tunampaka asali mpaka ndugu zake wenyewe wanashindwa kumtambua. Mimi nilifanya kazi naye chumba kimoja, pale kiwanda cha chapa Bukoba mjini, tangu kabla ya Uhuru mpaka ujamaa ukatukuta na mvi. Yeye alipanga herufi, mimi nilisoma karatasi za prufu kutafuta makosa, na nawaambieni, mtu yule alijipenda! Akiingia asubuhi alivua koti, akalitundika, akajitazama kwenye kioo kidogo alichokificha nyuma ya mlango, akasema, "Leo pia tupo." Ndipo anatugeukia sisi: "Haya, mmeamkaje, waitu, ndugu zangu?"

Jina lake hatukulitumia. Kuanzia kwetu Bilele mpaka Kashozi alikozaliwa alikuwa Fundi Herufi, na ukimwita vinginevyo hakugeuka. Mimi aliniita Binti Luteri, maana yeye alikuwa Mkatoliki wa kunyooka na mimi nilikuwa Mlutheri, na katika kiwanda kile tulikuwa tunapigana vita vya dini kila siku saa ya chakula, halafu tunagawana ndizi.

Kazi yetu ilikuwa ya herufi za risasi. Kila herufi ni kipande kidogo cha madini, umbo lake limegeuzwa kinyume, na kila aina ina kasha lake lenye vyumba vidogo vidogo. Tulikuwa na za kawaida, zilizosimama wima, za kuchapia vitabu. Tulikuwa na nyembamba za mlazo, zinazolala kidogo kuelekea kulia. Na chini kabisa kwenye kabati kulikuwa na kasha moja ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa isipokuwa yeye: herufi nene, za mlazo, zenye vijiguu. Vijiguu ni vile vikato vidogo vinavyomalizia ncha za herufi juu na chini. Yeye aliviita viatu. Herufi isiyo navyo alisema iko peku.

"Itazame hii k," aliniambia siku zangu za kwanza, ameishika kwa vidole viwili. "Mguu umetangulia lakini haikimbii. Imenenepa lakini haikuvimba. Na imevaa viatu. Huyu ni mtu mzima anakwenda misa."

"Anakwenda ibada," nikamwambia.

"Kwa viatu hivi? Thubutu!"

Kasha lile lilikuwa na kasoro moja kubwa. Lilitoka Ulaya, na waliolijaza hawakutufikiria. C, q na x zilijaa tele, sisi tuzipeleke wapi? K zilikuwa chache, w chache, na a, ambayo lugha yetu inaila kama sisi tunavyokula ndizi, ilikwisha kabla hujafika mstari wa tatu. Hukuweza kuchapa ukurasa kwa herufi zile hata ungelia. Zilitosha majina tu. Na kwa kuwa zilitosha majina tu, Fundi Herufi akaifanya hiyo kuwa sheria, kana kwamba yeye ndiye aliyeitunga tangu mwanzo: kasha la mlazo mnene ni la majina ya watu, na hasa majina ya maharusi.

Basi ikawa ndiyo desturi ya mji. Kadi ya harusi ilichapwa maneno yake yote kwa herufi za kawaida, halafu jina la bwana na jina la bibi yanakuja kwa zile nene zilizoinama, yamebonyea kwenye karatasi. Watu walizitundika kadi hizo ukutani kando ya picha za watakatifu. Huko vijijini Muleba niliona bibi asiyejua kusoma akipitisha kidole juu ya jina la mjukuu wake, huku na huku, anacheka peke yake. Nilimsimulia Fundi Herufi. Alijifanya anasafisha meza, lakini siku hiyo nzima alikuwa anapiga mluzi.

Alikuwa mkali kwa ajili ya herufi hizo kuliko kwa ajili ya roho yake. Mkia wa f ya mlazo unatokeza nje ya kipande chake cha risasi na kuning'inia hewani, ukiukaza vibaya unakatika. Fundi wa mashine akivunja f, tulijua wote kwamba hakuna maongezi mpaka jioni. "Umeua," alimwambia tu, na kweli alikuwa na kibati kidogo alimoweka zile zilizovunjika, hakutaka zitupwe.

Mara moja tu alivunja sheria yake. Siku zile za kuelekea Uhuru tulipewa kazi ya kuchapa ratiba ya sherehe za mjini, na yeye akalipanga neno Uhuru lenyewe kwa mlazo mnene, juu kabisa, peke yake. Mwenye kiwanda alipoona akashika kichwa. Akamweleza kwa upole kwamba herufi hizo, popote duniani, kazi yake ni kukazia neno moja katikati ya maneno mengine, si kuwa kichwa cha habari.

"Sasa hili, Bwana," akasema Fundi Herufi, "tulikazie lini tena?"

Likachapwa hivyo hivyo. Ninayo karatasi ile mpaka leo, na kila nikiitazama naona neno lile limeinama mbele kidogo, linakwenda.

Ujamaa ulipokuja aliupenda kwa maneno. Pale kwenye mgahawa wa kahawa alikuwa wa kwanza kusema binadamu wote ni sawa, mali iwe ya wote, hakuna bwana wala mtwana. Nikamuuliza, "Na kasha la mlazo?" Akanitazama kama nimetukana sakramenti. "Kasha ni la wote," akasema. "Mkono ni wangu." Na alipokuja ofisa wa wilaya kuagiza mabango ya mikutano ya vijiji, akataka herufi kubwa, nene, zilizosimama, zisizo na vijiguu, Fundi Herufi alizipanga vizuri sana, hakuharibu hata moja. Lakini ofisa alipoondoka alininong'oneza: "Hizi zinafokea watu, Binti Luteri. Mtu akitaka nihamie kijiji kipya, angalau anibembeleze."

Hapa lazima nisimulie habari ya gazeti. Mtu aliyepanga risasi maisha yake yote husoma kinyume na juu chini bila taabu, na yeye alizoea hivyo mpaka gazeti alilishika juu chini mbele ya watu, kwa maringo tu. Miaka ile ya kampeni ya elimu ya watu wazima akapita bwana mmoja wa kuandikisha wasiojua kusoma, akamkuta mgahawani amelishika gazeti kichwa chini. Masikini, akamwonea huruma, akamwandikisha. Unadhani Fundi Herufi alikataa? Alikwenda! Kila jioni alikaa kwenye benchi la mbele akaimba a, e, i, o, u pamoja na akina mama wa Bilele, anafurahi kama mtoto. Alilala usingizi wakati wa hesabu. Mwisho wa masomo akapata cheti, na cheti hicho tulikichapa sisi. Jina lake alilipanga mwenyewe.

"Kwa herufi gani?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Za kawaida," akajibu, na akatoka nje.

Jibu lile liliniuma, maana siku hizo kasha la mlazo mnene lilikuwa limefungwa miaka mingi, na sababu yake ilikuwa binti yake.

Kokugonza alikuwa mtoto wake wa pekee. Mama yake alifariki mtoto angali mchanga, na Fundi Herufi akamlea mwenyewe, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawakulijua. Akitoka shule alikuja kiwandani kumngoja baba yake, anakaa juu ya bunda la karatasi, anatafuna muwa. Mzee alikuwa akimwambia, "Wewe siku yako ikifika, nitaagiza k mpya kutoka Ulaya." Alisema hivyo mbele yetu sote, mara nyingi.

Kokugonza akakua, akasoma ualimu, na huko chuoni akapendana na mwalimu mwenzake wa Muleba, anaitwa Elieza, Mlutheri. Kijana mzuri, mpole, mwenye haraka. Kwa desturi yetu kijana haendi mwenyewe kumkabili mkwe. Anatuma mshenga, mtu mzima mwenye ulimi, na mpaka mshenga azungumze, baba wa binti hajui chochote, hata kama anajua. Mshenga wa Elieza alikuwa aje Jumamosi. Mvua ikanyesha, basi likakwama kwenye matope njiani, mshenga akarudi kwake kungoja barabara ikauke. Hakuna aliyemwambia kijana.

Jumatatu Elieza akaja kiwandani. Noeli ilikuwa inakaribia na kadi za harusi zilikuwa na foleni, naye Kokugonza alikuwa amemwambia, "Wahi nafasi tu, baba akishasikia ujumbe atafurahi." Kijana aliamini ujumbe umefika. Tena alijiambia kwamba kiwandani yeye ni mteja, si mkwe. Hapo ndipo alipokosea, masikini wa Mungu.

Fundi Herufi aliipokea karatasi kama alivyopokea za watu wote, na kama kawaida yake akaisoma kwa sauti ili ajue k ngapi zitahitajika. Akasoma jina la bwana harusi. Akasoma, "na Kokugonza, binti wa." Akaishia hapo, maana jina lililofuata lilikuwa lake. Fundi wa mashine akaisimamisha mashine.

"Kijana," akasema, "umekuja kuchapa, au umekuja kuoa?"

Elieza akabadilika rangi, akamwita baba kwa lugha ya kwetu. "Tata, kwani mshenga hakufika?"

"Mshenga gani?"

Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba ya yule kijana. Fundi Herufi akamrudishia karatasi yake mkononi, taratibu, akainama, akasukuma lile kasha la chini mpaka likagonga ukuta.

Mjini alisema amekataa kwa sababu ya Uluteri. Uongo mtupu! Kitoke changu cha ndizi alikila kila mchana na hakuniuliza kimebatizwa wapi. Kilichomuuma ni kwamba habari kubwa kuliko zote za maisha yake aliisoma kama kazi ya mteja, amesimama, ana wino mikononi, mbele ya watu. Mshenga alikuja baadaye na maneno yake matamu. Hakumfungulia mlango. Nilimwambia, "Mzee, hasira hasara." Akasema maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia hayo si maji, ni mtoto.

Wakafunga ndoa kwenye kanisa letu kule Muleba. Mimi nilialikwa nikaenda, na sikujificha. Kokugonza alikuwa anageuka kutazama mlango kila unapofunguliwa, hata mchungaji akiwa katikati ya sala. Kiti cha baba yake kilikaa wazi mpaka mwisho. Alipokuwa ananiaga alinishika mkono akasema, "Mama, mwambie sitakanyaga Bilele mpaka aniite mwenyewe." Nilipofikisha ujumbe ule, mzee akasema aliyeondoka bila kuagwa hurudi bila kuitwa. Baba na binti, kichwa kile kile, ukaidi ule ule.

Ila kesho yake baada ya harusi, tukiwa wawili tu, aliniuliza bila kuinua macho, "Kadi zilikuwaje?"

"Zilipigwa taipu," nikamwambia.

Akairudisha kashani herufi aliyokuwa ameishika. Halafu akasema, "Mwanangu ameolewa peku."

Tangu siku hiyo maharusi wote wa Bukoba walichapiwa majina kwa herufi nyembamba. Walilalamika, wakabembeleza, mwenye kiwanda akafoka. Alisema kasha limechakaa. Halikuwa limechakaa, nalijua, maana nilikuwa namwona kila Jumamosi analitoa, anafuta vumbi, analirudisha. Mwalimu Elieza na mkewe walihamishiwa Ngenge, kwenye kijiji kipya cha ujamaa. Watoto wakazaliwa, habari zilimfikia kwa midomo ya watu, naye alizipokea kwa kusema, "Aa, kumbe," kama mtu anayeambiwa bei ya chumvi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami sikuwahi kumwona mtu akiubeba vibaya namna ile.

Mwishoni kiwanda kilipata mashine mpya zisizohitaji risasi. Makasha yakauzwa kwa uzito. Wavuvi wa ziwani waliyanunua, wakayeyusha herufi zetu wakafanya vyuma vya kuzamishia nyavu, na mimi nilitania kwamba sasa sangara watajifunza kusoma. Fundi Herufi hakucheka. Alipoulizwa anataka nini kama zawadi ya kustaafu alisema kasha la chini. Wakampa. Alilibeba begani mwenyewe mpaka nyumbani kwake, na kwa muda mrefu sikusikia chochote.

Nilimwona tena asubuhi moja ya Jumanne mlangoni kwangu Bilele, amevaa koti lake, amekonda, viatu vimepigwa rangi. Nikamkaribisha, hakukaa. Akatoa kwenye mfuko wa ndani karatasi nene iliyofungwa kwenye kitambaa, akanipa kwa mikono miwili.

"Soma prufu," akasema.

Ilikuwa kadi ya harusi. Na ilikuwa yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa mlazo mnene. Nikashangaa, maana najua zile a zilivyokuwa. Kisha nikaona mistari haikulingana, huu umepanda kidogo, huu umeshuka, wino hapa mzito, pale mwepesi, nikaelewa. Alikuwa amepanga mstari mmoja, akaupaka wino, akailaza karatasi na kuisugua kwa mgongo wa kijiko, akauvunja, akapanga mwingine kwa herufi zile zile. Kadi moja. Sijui ilimchukua muda gani na sikumuuliza.

Ilisema kwamba yeye, na jina lake kamili, anayo furaha kuwaalika watu kwenye harusi ya binti yake mpenzi Kokugonza na Mwalimu Elieza, nyumbani kwake Bilele, Jumapili ijayo baada ya misa na ibada.

"Kuna kosa?" akaniuliza.

"Mistari imepinda."

"Hilo nalijua. Nauliza kama kuna kosa."

"Mzee," nikasema, "hawa wameshaoana. Mkubwa wao yuko darasa la nne."

"Wao wameoana," akajibu. "Mimi bado sijamwoza."

Nikamwambia hakuna kosa. Akaniomba nimsindikize Ngenge, maana njia haijui na mimi angalau Muleba nilishafika, na mara moja akaongeza kwamba nisije nikazungumza kwa niaba yake, kazi hiyo ataifanya mwenyewe. Tukapanda basi kesho yake. Njia nzima alikaa ameweka mkono juu ya mfuko wa koti. Tulipopita Muleba akaniuliza, "Je, akikataa?" Nikasema hatakataa. Akauliza tena baada ya kitambo, nami nikajibu vile vile, na ukweli ni kwamba sikuwa na hakika.

Ngenge ni tambarare, jua lake si la kwetu mjini. Nyumba zilikuwa kwenye mstari, na nyumba ya mwalimu tulioneshwa na watoto. Elieza alitoka mlangoni, ameshaota kipara, akamwona mkwewe, akasimama pale pale ameshika fremu ya mlango, hajui akae au akimbie.

"Nimekuja mwenyewe," Fundi Herufi akamwambia. "Sikutuma mtu."

"Karibu, Tata," akasema Elieza, akampisha mlangoni.

Kokugonza alikuwa shambani, mtoto akakimbia kumwita. Alikuja na jembe mkononi, matope mpaka magotini, watoto nyuma yake. Alipomwona baba yake akasimama. Mzee akatoa kadi, akaifungua kutoka kwenye kitambaa, akaishika mbele yake kwa mikono miwili.

Kokugonza akaweka jembe chini. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaipokea, akaisoma. Aliisoma taratibu, halafu akaisoma upya tangu juu, na midomo yake ilikuwa inakwenda. Watoto wakamuuliza, "Mama, ni nini?" Akamtazama baba yake usoni kwa mara ya kwanza.

"Na wewe utakuja?" akamuuliza.

"Nitakuja," akasema mzee. "Nitakuja, mwanangu. Nitakuja."

Kokugonza akapiga magoti kwenye vumbi lile kumwamkia, na mimi, Mlutheri wa watu, nikalia mbele ya watoto ambao hata hawakunijua.